Milingoti ya jirani imeanguka na nimeambiwa nichukue bure: zitanifaa kwa kuni?

*"Naishi kijijini, nje kidogo ya mji wa Njombe. Mwezi wa tatu upepo na mvua viliangusha miti ya jirani: milingoti (yaani mikaratusi) minne hivi, miwati kadhaa na mpaina mmoja. Mlingoti mmoja umelalia uzio wangu wa seng'enge na kuponda mistari ya mahindi. Mwenye shamba anaishi Dar es Salaam, ila msimamizi wake ameniambia, 'Mama, chukua tu, kuni hizo.' Mume wangu anasema milingoti haifai jikoni, inalipuka na kujaza moshi. Mama mkwe anasema mwati mmoja ulipigwa na radi, usiingizwe ndani. Mimi naona ni kuni za bure, baridi ya Juni inakuja na mzigo wa kuni umepanda bei. Mti ulioanguka si umeshakufa, utakuwa mkavu? Nichukue ipi, nianzie wapi? Na nikichukua huu ulioanguka kwangu bila kumuuliza mtu nitakuwa nimekosea?"*

Dada, pole kwa mahindi na uzio. Ukiacha hasara hiyo, umeona sawasawa: hapo pana kuni nyingi na nzuri, na zikiachwa hadi mvua za Novemba mchwa na kuvu watazimaliza. Ila kabla hujashika panga, fahamu kwamba ruhusa uliyopewa haijatoka kwa mwenye mali, na miti yenyewe bado haijawa kuni. La kwanza utalimaliza kwa simu moja. La pili linataka miezi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalogombanisha majirani. Ndiyo, ukiuchukua bila kuuliza utakuwa umekosea. Ng'ombe wa jirani akivuka mpaka hawi wako, na mti ni hivyo hivyo: ni wa yule ambaye ulimea kwenye ardhi yake, hata ukilala wote upande wako. Una haki ya kutaka uondolewe, na una haki ya kuulizia uzio na mahindi yako. Huna haki ya kujilipa mwenyewe kwa kuukata na kuuhesabu kuwa fidia. Na hata hiyo fidia si jambo la moja kwa moja. Upepo si kosa la mtu. Mambo hubadilika kama mti ulikuwa umeoza au umeegemea muda mrefu, mwenyewe akaambiwa na asifanye kitu. Mkishindwa kuelewana, kazi ya kuwasuluhisha ni ya baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaliweka liwe na watu saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake. Nenda hapo mapema, mkiwa bado mnasalimiana.

Sasa huyo msimamizi. Sina shaka kwamba alisema kwa nia njema, lakini wewe unaishi Njombe na unajua mti huko ni akiba ya fedha. Mlingoti mnyoofu unaweza kuwa nguzo, mirunda au mbao. Mpaina ni mbao. Mwati ulipandwa Njombe kwa mashamba makubwa tangu 1949 kwa sababu ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na hadi leo magome hayo yana wanunuzi. Msimamizi anaposema "kuni hizo" huenda anafikiria matawi na vilele. Mwenye shamba, akisikia kule Dar es Salaam, huenda anafikiria mashina. Wewe ukishapasua shina la mlingoti vipande vya jikoni, hakuna wa kulirudisha kuwa nguzo, na msimamizi anaweza kukukana siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpigie mwenye shamba, msimamizi akiwa pembeni yako, kisha mtumie ujumbe ili maneno yabaki kwenye simu. Uwe mfupi na wa wazi, kwa mfano: "Kaka, asante kwa mazungumzo. Kama tulivyokubaliana, nitachukua matawi na vilele vya milingoti yote iliyoanguka, na miwati yote isipokuwa ule uliopigwa na radi. Mashina ya milingoti na mpaina nayaacha hadi utakaponiambia. Nitakuwa nimemaliza kabla ya mwisho wa Mei. Naomba unijibu kama ndivyo." Akijibu "sawa", umemaliza. Mwambie pia ukweli ambao huenda haujui: mbao za mpaina uliolala kwenye unyevu huanza kuingia rangi ya bluu ndani ya wiki chache na bei yake hushuka, kwa hiyo kama anataka kuupasua mbao, asikawie. Ukimfaa kwa taarifa hiyo, mtu wa kawaida hatakunyima matawi, na mara nyingi hukuachia hata shina asilolihitaji.

Kubeba kichwani au kwa mkokoteni kutoka shamba la jirani hadi uani kwako ni jambo la majirani. Ukifikiria kupakia gari na kuingia barabarani, au kuuza, hilo ni jambo jingine. Mazao ya misitu yanayosafirishwa hukaguliwa, hata kama yametoka shamba la mtu binafsi, hivyo pita kwanza ofisi ya ofisa misitu wa wilaya uulize hati gani zinahitajika.

Sasa hatari. Hapa nakusihi usipaharakie. Watu huuogopa mti uliosimama na kuuchezea ulioanguka, na ulioanguka ndio unaodanganya zaidi. Shina lililolala kwenye uzio na juu ya matawi yake halijatulia. Upande mmoja umevutwa na upande mwingine umebanwa. Ukilikata upande uliovutwa, linaweza kupasuka kwa urefu na kuruka kwa nguvu inayovunja taya au mguu. Ukilikata upande uliobanwa, linauma msumeno na kuushikilia. Vivyo hivyo mti mdogo uliolaliwa na mkubwa: umepinda, na ukiukata unafyatuka. Uliong'oka na mizizi ni mbaya zaidi. Lile bonge la mizizi na udongo lililosimama wima hushikiliwa na uzito wa shina tu. Shina likikatwa karibu nalo, bonge linaweza kurudi kwenye shimo lake ghafla. Watoto hupenda kucheza kwenye shimo hilo. Wakatazeni tangu leo, hata kabla hamjaanza kukata.

Kabla ya yote hayo, tembea kando ya uzio wako kwa mbali na uangalie kama kuna mti uliogusa waya wa umeme popote. Seng'enge hupitisha umeme kutoka mbali. Mti unaweza kuwa umeegemea waya wa umeme mwisho wa shamba, na wewe ukaguswa na uzio huku mwanzo. Ukiona hata tawi limegusa, usiguse uzio wala mti, funga mifugo mbali, piga simu TANESCO na usubiri waje. Waya uliokaa kimya chini unaweza kuwa na umeme.

Kama hakuna umeme, gawanya kazi hivi. Matawi yasiyozidi unene wa mkono wako, yaliyo huru na hayajabanwa na kitu, mnaweza kuyafyeka wenyewe kwa panga na shoka, mkisimama upande wa juu wa mteremko. Mashina, mti uliong'oka, na kila kilichonasa kwenye mti mwingine, mwachieni fundi wa chensoo mwenye uzoefu wa kukata miti, si kijana aliyeazima mashine jana. Mafundi wengi hukubali kulipwa kwa mgao wa kuni badala ya fedha. Fanyeni mapatano mbele ya msimamizi, maana mgao huo unatoka kwenye mali ya bosi wake. Na umwombe fundi jambo moja kwa faida ya jirani: mlingoti uliovunjika ukaacha kisiki ardhini, akikate kisiki hicho chini, kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini, kwa mkato safi wenye mshazari ili maji yasituame. Mlingoti huchipua kutoka kwenye kisiki, na ndani ya miaka michache jirani atakuwa na mti mwingine bila kupanda.

Nije kwenye swali la ukavu, maana hapa wengi hukosea. Mti ulioanguka si mkavu. Kama mizizi michache bado imeshika udongo, mti huo uko hai, na unaweza kubaki na majani mabichi kwa miezi. Hata uliokatika kabisa umebeba maji yake yote. Katika mti mbichi, karibu nusu ya uzito unaobeba kichwani ni maji. Sehemu ya maji hayo imekaa ndani ya mirija midogo ya mti na hutoka upesi. Sehemu nyingine imenyonywa na kuta za mirija hiyo, na hiyo hutoka polepole sana. Gome huyazuia yote. Ndiyo maana gogo zima lililolala shambani mwaka mzima linaweza kupasuliwa likakutwa na unyevu katikati, huku nje limeanza kuoza.

Ukilitia jikoni likiwa hivyo, moto unalazimika kuchemsha maji kwanza. Kipande cha kuni hakiwezi kupanda joto vizuri zaidi ya lile la maji yanayochemka mpaka maji yake yaondoke. Wakati huo kuni inatoa hewa zake zinazowaka, lakini jiko halina joto la kutosha kuziwasha, na hewa hizo zisizoungua ndizo moshi unaokuchoma macho. Kilo moja ya kuni mbichi hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni kavu. Maana yake utabeba mara mbili, utapuliza mara mbili, na maharage yatachelewa vilevile.

Hapo ndipo mume wako alipopata hoja yake, na nadhani alikutana na mlingoti mbichi. Mlingoti mkavu ni kuni nzuri sana. Viwanda vya chai vya Mufindi na Njombe hukaushia majani kwa kuni za milingoti, na mtu anayelipia kuni kwa malori hachagui kuni mbovu. Kulipuka husababishwa na unyevu uliofungiwa ndani ya mti ukageuka mvuke, na ukikauka vizuri hupungua sana. Majani yake ndiyo yenye mafuta mengi. Hayo huwaka ghafla kwa mwali mkubwa, basi usiyatumie kuwashia moto jikoni, hasa chini ya nyasi au karibu na khanga iliyoanikwa. Shida ya kweli ya mlingoti ni kupasua. Nyuzi zake hujisokota, na ukisha kukauka unakuwa mgumu hadi shoka linarudi. Upasue ungali mbichi, mara baada ya kukatwa, kwa shoka zito na kabari, ukianza pembeni ya gogo na kuelekea katikati.

Mwati ndio ningeuchukua wa kwanza. Ni mzito, unapasuka kwa urahisi, unawaka polepole na kuacha makaa yanayodumu, na kwa kukauka huwahi kuliko mlingoti. Kama jirani anataka magome, myachune mti ukiwa bado mbichi. Baada ya hapo hushika na hayachuniki. Mpaina ni mwepesi, huwaka upesi kwa mwali mkali na una utomvu unaoacha masizi mengi kwenye sufuria na kwenye dohani. Usiutegemee kupikia, lakini vipande vyake vyembamba vyenye utomvu hakuna kinachovishinda kwa kuwashia moto asubuhi yenye ukungu.

Kuhusu mwati wa radi: mti uliopigwa na radi hauna sumu wala kitu kinachobaki ndani yake. Lakini wengi nchini wamelelewa kuuheshimu kama anavyouheshimu mama mkwe, na wewe una miti mingine ya kutosha. Uache. Shina lililopasuliwa na radi huwa na vigongo virefu vinavyoning'inia juu, kwa hiyo hata mimi nisingependa mtu akate chini yake.

Sasa kukausha. Njombe mna bahati ya majira: mvua huisha Aprili hadi Mei, kisha mna miezi mingi bila mvua mpaka Novemba. Miezi hiyo ina baridi, lakini upepo ndio unaokausha kuni kuliko jua. Kata vipande vya urefu wa jiko lako, si zaidi, kwa sababu maji hutoka zaidi kupitia ncha zilizokatwa, na kipande kifupi hukauka upesi. Pasua chochote kinachozidi unene wa kifundo cha mkono. Hata kijiti cha duara chenye gome lake kamili, ukikipasua mara moja tu, unakuwa umekifungulia njia. Tandika magogo mawili au mawe ili kuni zisiguse udongo, zipange zikiwa na nafasi za kupitisha upepo, mahali palipo wazi. Kwa ajili ya mchwa, usiziegemeze kwenye ukuta wa nyumba. Juu weka kipande cha bati chenye jiwe, kinachofunika juu peke yake. Kosa ninaloliona kila kijiji ni turubai la plastiki lililofunika lundo lote hadi chini. Maji yanayotoka kwenye kuni yanageuka matone kwenye turubai na kurudi, na baada ya mwezi unakuta ukungu mweupe.

Ukitaka kujua kama zimekauka bila kubahatisha, chagua kipande kimoja katikati ya lundo, kitie alama ya chaki, ukipime kwenye mizani ya dukani. Kirudishe, kisha kipime tena kila baada ya wiki mbili. Kitakuwa kinapungua uzito. Kikiacha kupungua, lundo hilo limefika. Pia utaona nyufa kwenye ncha, gome linaachia, na vipande viwili vikigonganishwa vinalia kwa sauti kali. Mvua ya siku moja ikikunyeshea kuni zilizokwisha kukauka usihofu. Hayo ni maji ya juu, yataondoka kwa siku chache.

Nikuambie ukweli kuhusu Juni: nyingi ya kuni hizi hazitakuwa tayari. Mwati uliopasuliwa vipande vyembamba Aprili hii unaweza kukufaa Julai. Mlingoti mnene uhesabie kuanzia Oktoba, na ule mnene zaidi mwakani. Kwa baridi ya mwaka huu tafuta matawi yaliyokuwa yameshakufa juu ya mti kabla haujaanguka. Utayajua: hayana majani, gome limetoka, yanakatika kwa mlio. Kwenye milingoti mikubwa huwa mengi, na hayo unaweza kuyatumia baada ya wiki chache tu. Vijiti vyembamba vya mwati vinaweza kumalizikia kwenye uchanja juu ya mafiga, vichache kwa wakati, na mtu awepo jikoni. Zilizobaki nunua kama ulivyozoea, halafu mwaka kesho hutanunua mzigo hata mmoja hadi katikati ya mwaka. Hapo ndipo utaiona faida. Usilazimishe mbichi kwa sababu tu ziko uani.

Nalisema hili kwa sababu ya mapafu yenu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Kuni kavu hupunguza moshi, haziuondoi. Jiko banifu lenye dohani hupunguza zaidi, na kuni chache zitakutosha. Serikali inataka kufikia 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Kama mnaweza kumudu mtungi mdogo wa gesi kwa chai na uji wa mtoto, huku maharage yakibaki kwenye kuni, huo ni mwanzo mzuri. Sikushauri uache kuni za bure kesho. Nakushauri asiye na kazi jikoni asikae jikoni, hasa mtoto mgongoni.

Na usiku wa Juni, dada, msiingize makaa chumbani. Makaa ya mwati hukaa na moto muda mrefu bila moshi wowote, na ndiyo maana watu huyaamini. Hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayomlaza mtu asiamke. Otea moto jikoni mlango ukiwa wazi, kisha makaa yabaki nje mnapokwenda kulala. Ikitokea watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, wana kichefuchefu na miguu haina nguvu, tokeni nje wote kwanza, ndipo mtafute usafiri wa kituo cha afya, hata kama mtaanza kujisikia nafuu njiani. Kikohozi cha mtu yeyote kikipita wiki mbili, msikitupie moshi lawama mkanyamaza. Nendeni mkapimwe, kifua kikuu kikiwa miongoni mwa vipimo.